Maswali ya Wasomaji: Kamera na Viumbe Walio Hatarini

Barua nyingi za toleo hili zinahusu jambo moja: namna ya kutumia picha kuwatetea wanyama na makazi yao yaliyo hatarini. Kadhaa zinauliza kamera ya kununua, na hizo hatukuzijibu. Karibu yote yaliyoulizwa hapa chini yanawezekana kwa simu ya megapikseli 12, na kwa tunavyoona sisi kazi nyingi huharibika baada ya picha kupigwa: katika kuituma, kuichapa, kuiandikia maneno na kuchagua pa kuitundika.

SWALI: Assalaam aleikum. Wanafunzi wa klabu yetu ya mazingira wamepiga picha za popo wa Pemba kwa simu. Tunataka kufanya maonyesho kijijini, lakini duka la uchapaji limetuambia picha zetu haziwezi kuchapwa kubwa. Fedha ni kidogo. Tuanzie wapi? (Mwalimu, Wete)

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Anza kwa kuuliza picha zilimfikiaje mwenye duka. Kama zilitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, zilibanwa njiani. Upande mrefu hubaki na pikseli 1,600 hivi, ilhali picha yenyewe ya simu ya megapikseli 12 ina 4,000 kwa 3,000. Zitume upya kama faili, au mpelekee kwenye flashi.

Hesabu ya ukubwa ni nyepesi. Chukua pikseli za upande mrefu, gawanya kwa urefu wa karatasi kwa inchi. A2 ina sentimita 59.4, yaani inchi 23.4, kwa hiyo 4,000 inakupa pikseli kama 170 kwa kila inchi. Picha ya kutazamwa kutoka mita moja inataka 150, basi A2 mnayo. A1 inashuka hadi 120, nayo bado inapita kwa mtu aliyesimama mita moja na nusu. Ile iliyobanwa, ukiichapa A2, inabaki na 68, na hapo ndipo manyoya ya popo yanapogeuka uji.

Kama maonyesho yatakuwa nje, achaneni na karatasi ya picha. Wino wa maji hupauka juani ndani ya wiki chache na karatasi hujikunja siku ya kwanza yenye unyevu. Chapeni kwenye fleksi, ile ile ya mabango ya dukani, kwa wino wa solventi. Mwambieni fundi akunje ukingo wa sentimita 3 pande zote na apige pete kila baada ya sentimita 50. Pete ziwe za shaba njano. Za chuma huliwa na hewa ya bahari na kutiririsha kutu juu ya picha. Kabla ya kuchapa zote, chapeni moja ya A4 mwone rangi. Picha za msituni hupendeza kwenye simu kwa sababu kioo kinatoa mwanga wake chenyewe, zikishachapwa hutoka giza. Punguzeni mwanga wa kioo hadi nusu, kisha ongezeni mwanga kwenye sehemu za kivuli mpaka nyuso za popo zionekane. Hapo ndipo faili iko tayari.

Nguzo za kutundikia zisiwe boriti za mikoko. Maonyesho ya uhifadhi yaliyosimama juu ya mikoko iliyokatwa yatamalizwa na swali moja la mzee wa mstari wa mbele. Mvinje au mianzi inatosha. Msimu wa kusi, simamisheni mabango ili upepo ukute ukingo wake, usikute uso. Bango lililopokea upepo kifua wazi hung'oa pete zake kabla ya adhuhuri. Katikati ya kila picha iwe sentimita 145 kutoka chini kwa watu wazima, na kama wageni wengi ni watoto wa msingi, shusheni hadi 115.

Picha saba zinatosha. Najua mnazo nyingi na kila mtoto anataka yake itundikwe, lakini kumi na tano za popo wanaoning'inia zinafanana zote, na mtu akishatazama nne anaanza kutafuta kivuli. Ya kwanza iwe mti ambao kijiji kizima kinaujua, ukiwa na popo wake. Kisha uso wa popo mmoja kwa karibu, kwa sababu wengi hawajawahi kuuona mchana: macho makubwa, pua kama ya mbweha mdogo. Kisha chakula chake, mbegu chini ya mti, mche uliochipua. Mkulima wa maembe atakuja na lawama yake, naye ana haki ya kuja nayo. Wekeni picha ya embe lililoliwa, mwandike wazi kwamba popo hula maembe, na kando yake mwonyeshe kazi anayoifanya ya kusambaza mbegu za miti ya msituni na kuchavusha maua. Bango linaloficha lawama hupoteza imani ya watu hata kwa yale ya kweli liliyoyasema.

Mambo mawili ya hakika yasikose. Popo huyu haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa Pemba. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amebaki kwa uchache wa kutisha kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu. Leo anahesabiwa kwa maelfu, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya wanavijiji wenyewe, kama wa Kidike, waliokubali kuilinda miti anamolala. Watu hupenda kusikia wamefanya jema. Picha ya saba iwe ya wanaolinda mti huo, na chini yake nambari ya simu ya sheha au ya ofisi ya misitu ya wilaya. Jina la mnyama liandikwe kwa herufi za kimo cha sentimita 2.5, zisomeke kutoka mita 3. Maelezo yasizidi maneno 30 kwa kila picha.

Siku nzuri ni Ijumaa baada ya sala, kwenye uwanja ulio karibu na msikiti, kwa idhini ya imamu na sheha. Ukumbi wa shule huwaleta wale ambao tayari wanakubaliana nanyi.

Na mwiko mmoja: asipige mtu makofi wala kurusha jiwe ili popo waruke apate picha ya mbawa. Mama hubeba mtoto kifuani, na akirushwa mchana kweupe huweza kumdondosha. Subirini magharibi, wataruka wenyewe.

SWALI: Tumepanda mikoko katika delta ya Rufiji na wafadhili wanataka picha za kabla na baada. Tukilinganisha tulizonazo hazifanani hata kidogo, wengine wanadhani ni sehemu mbili tofauti. (Katibu wa kikundi, Kibiti)

JIBU: Zinaonekana sehemu mbili kwa sababu ya maji. Moja mmeipiga yamejaa, nyingine yamekupwa, na hapo hata shamba lisilobadilika litaonekana limebadilika. Mtu mwenye nia mbaya hutumia ujanja huo huo kwa makusudi: miche michache iliyopigwa wakati wa maji makavu hugeuka "msitu" ikipigwa maji yakiwa yamejaa na vilele tu vikiwa juu. Wafadhili wanaujua, ndiyo maana wanauliza.

Wekeni kituo cha kudumu. Nguzo ya mti huinama topeni, kwa hiyo tumieni bomba la plastiki la inchi 3 lenye urefu wa mita 3, nusu yake izame, ndani mlijaze zege. Chora mstari kwenye bomba mahali simu itakapokaa, na simu iegemee mstari huo kila mara. Mstari huu una faida ya pili: kila mkija, pimeni umbali kutoka mstari hadi kwenye tope. Ukipungua, tope linajaa. Ukiongezeka, maji yanachimba, na miche itaanza kulala hata kabla haijaonekana kwenye picha.

Simu iwe mlalo, kwenye 1x, bila kukuza. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha mashine ya boti, basi msiitegemee. Tafuteni vitu viwili vilivyo mbali, kimoja nyuma ya kingine, kama paa la banda na mnazi, na mvipange katikati ya kioo. Chapeni picha ya kwanza mje nayo mkononi, mlinganishe kabla ya kubonyeza. Njoo wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, maji yakiwa makavu. Pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia saa nne au saa tano asubuhi, na ndani ya mikono ya delta huchelewa kidogo. Maana yake ni kwamba mkishika bamvua mnashika na mwanga ule ule wa jua. Mara nne kwa mwaka zinatosha, ila ile ya kulinganisha mwaka kwa mwaka iwe ya mwezi ule ule, maana maji ya mto wakati wa masika hubadilisha rangi ya kila kitu.

Msiwe na haya kuonyesha pale miche ilipokufa. Mara nyingi hufa kwa sababu aina zile zile za mikoko zimepandwa kila mahali: mkoko na mkandaa zimewekwa kwenye mchanga wa mbele unaopigwa na mawimbi, mahali pa mlilana, au juu kwenye chumvi kali ambapo mchu peke yake huvumilia. Picha ya safu iliyokufa, yenye tarehe na jina la mti, itamsaidia mwenzenu wa Kilwa kuliko picha kumi za watu waliovaa fulana mpya wakishika miche.

Kuhusu pa kuionyesha, kuna mfano mkubwa. Nick Brandt, mpigapicha Mwingereza, alichapa picha za tembo, faru na simba kwa ukubwa wa mnyama mwenyewe, akazisimamisha Kenya katika sehemu ambazo zamani wanyama hao walipita na sasa hawapo: jalalani, machimboni, chini ya madaraja ya barabara. Kazi hiyo ilitoka 2016. Nanyi mnaweza kufanya kwa bango moja tu: picha ya mikoko iliyosimama, mita 2 kwa 1.5, iwekwe pale ilipokatwa, kwenye njia wanayopita wenye mitumbwi ya boriti.

SWALI: Hujambo mhariri. Nataka kupiga picha kasa akitaga usiku, ili niwaonyeshe wavuvi wenzangu. Nitumie taa gani? (Mvuvi, Watamu)

JIBU: Usitumie taa, ndugu. Flashi ya kamera, tochi ya simu, hata kioo chenyewe kikiwaka, vinatosha kumgeuza jike aliyekuwa akipanda ufukwe. Akirudi majini atajaribu tena, lakini akisumbuliwa mara nyingi anaweza kutaga pasipofaa au kuyamwaga mayai baharini. Nchini Kenya kasa analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kwa hiyo nenda na wale wanaolinda viota ufukweni; wao wanajua wakati wa kusogea. Wakati huo ni pale mayai yameanza kudondoka, si kabla. Njoo kwa nyuma, umeinama, usipite mbele ya kichwa chake.

Kama una kamera, chagua usiku wa mwezi mpevu. Tripodi fupi, apacha f/2.8, ISO 3200, shata wazi sekunde 2. Kasa anayetaga hutulia, kwa hiyo sekunde mbili zinapita bila ukungu. Kioo cha kamera kifunike kwa kitambaa cheusi. Mwezi nusu usikudanganye: mwanga wake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya mwezi mpevu, na utahitaji sekunde 20, wakati miguu yake ya nyuma imeshaanza kufukia. Simu kwa usiku huo sahau.

Ila kwa kazi unayoitaka, picha bora inapatikana alfajiri, na simu inaitosha: nyayo. Jua likiwa chini linachora kila mfereji mchangani. Kasa wa kijani huvuta miguu miwili pamoja, hivyo alama zake zinalingana kushoto na kulia, upana wa mita moja au zaidi. Ng'amba hutembea kwa kupishanisha, alama ziko mshazari, upana wa sentimita 70 hadi 85. Laza kasia au kamba yenye vipimo kando yake, piga kutoka juu, kisha piga ukiwa chini kabisa ukiutazama upande jua linakotoka. Mvuvi akiona nyayo hizo kwenye ufukwe anaoufahamu kwa jina, hana haja ya kuelezwa kwamba kasa bado yupo.

Vitoto huanguliwa siku 50 hadi 60 baadaye, nao hutoka usiku wakifuata mwanga wa upeo wa bahari. Ukiwasha taa nyuma yao, wote watageuka kukufuata wewe. Piga wale waliochelewa tu, wanaotoka kukipambazuka.

SWALI: Mimi ni dereva mwongozaji. Wageni wangu hupenda kurusha picha za faru mtandaoni hapo hapo. Wenzangu wanasema ni hatari. Kweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kweli. Picha ya simu hubeba ndani yake tarehe, saa na mahali ilipopigwa kwa hatua chache tu za makosa. Zima alama za mahali ndani ya mipangilio ya programu ya kamera yenyewe. Ukizima GPS ya simu nzima, utaiwasha tena asubuhi ukitaka ramani na utasahau. WhatsApp ikituma picha kwa kawaida huziondoa taarifa hizo, bali ukituma kama faili zinabaki zote, na hili limhusu pia mwalimu wa Wete hapo juu. Baada ya hapo tazama nyuma ya mnyama. Kibao cha njia, umbo la kilima au ukingo wa kreta unaojulikana hutaja mahali vilevile. Mwombe mgeni akae na picha ya faru hadi arudi kwao, na aandike jina la nchi tu.

Si faru peke yake. Vinyonga wa Usambara na wale kobe bapa wanaojibana kwenye nyufa za mawe hukamatwa kwa ajili ya wafugaji wa nje. Kobe hao waliingizwa kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2019. Kwa wanyama wasiohama, picha moja yenye mwamba unaotambulika ni ramani.

SWALI: Kima punju wa Jozani wananishinda. Ama wanatoka weusi tii, ama mbingu inatoka nyeupe. Na nifike karibu kiasi gani? (Dada mwenye duka la picha, Paje)

JIBU: Mapengo ya mbingu kati ya majani ndiyo yanayoichanganya kamera, inapima mwanga wao na kumwacha mnyama gizani. Ongeza mwanga kwa kipimo cha +1, na kama kima yuko juu kabisa dhidi ya mbingu, hadi +2. Mbingu itaungua, iache iungue. Au bora zaidi sogea mpaka nyuma yake kuwe na majani. Kinyume chake, kima akijaza fremu nzima, weusi wa mabega na mikono yake utaifanya kamera iongeze mwanga kupita kiasi. Hapo punguza hadi -0.7 ili wekundu na nywele nyeupe za usoni zisipotee. Chini ya miti, saa nne asubuhi, anza na f/4, 1/250 na ISO 1600, upande hadi 3200 wakianza kurukaruka. Chembechembe za ISO zinasameheka. Mkia uliotikisika hausameheki. Kwa simu, bonyeza na kushikilia usoni mwa kima hadi kipimo kifunge, kisha telezesha mwanga juu au chini kwa kidole. Usivute kwa zumu ya kidijitali. Utakata picha baadaye.

Umbali: mita 3 ni za chini kabisa, kwa sababu mafua yetu huwapata. Kima wa Jozani wamezoea watu na watakusogelea wao, rudi nyuma. Na tafadhali usiuze picha za mtalii akiwa bega kwa bega na kima. Mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wa 2021 kuhusu picha za nyani na jamaa zao unazikataza picha za namna hiyo, kwa sababu mtazamaji haoni mnyama aliye hatarini, anaona kitu cha kuchezewa, na mgeni wa kesho atataka yake.

Ukitaka picha yenye kazi, simama kando ya barabara inayopita Jozani. Kima waligongwa sana na magari barabara ilipotiwa lami, na vifo vilipungua sana baada ya kuwekwa matuta. Kima akivuka, tuta mbele, daladala limepunguza mwendo: kwa 1/500, kutoka upande wa kivuli, katika fremu moja una tatizo na dawa yake. Bila picha ya namna hiyo, dereva ataendelea kulaani tuta.

SWALI: Nafundisha sayansi. Nataka wanafunzi wamwone chura wa Kihansi, lakini najua haturuhusiwi kuingia bondeni. Nifanyeje? (Mwalimu, Ifakara)

JIBU: Vizuri kwamba umeuliza kabla ya kwenda. Bonde lile si la matembezi, na viatu vyenye tope kutoka kwingine vinaweza kuingiza kuvu anayeua vyura. Alishagundulika pale mwaka 2003, vyura walipoanguka kwa ghafla. Kwa ajili ya picha ya chura mwenyewe, andika barua kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina kituo cha kumzalisha, au TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, uombe picha kwa matumizi ya darasani. Taja ukubwa utakaochapa na mahali utakapoonyesha. Ombi lenye maelezo hayo hujibiwa upesi kuliko "naomba picha".

Shida ya kumfundisha ni ukubwa wake. Dume halifiki sentimita 2, jike halifiki 3. Ukimchapa kwa A1 wanafunzi watamwona mkubwa kama chura wa bwawani na hadithi yote itapotea. Fanya hivi: chapa picha ya maporomoko na majani yenye unyevu, mita 2 kwa urefu. Kisha chapa chura kwenye stika, sentimita 2 kamili, manjano yake ya dhahabu ilivyo, ubandike watano ndani ya bango hilo. Waambie watoto wawatafute. Watachukua dakika kadhaa wakiwa wamesogeza pua kwenye majani, na hapo ndipo uwaambie kwamba makazi yote ya mnyama huyu yalikuwa eneo la hekta chache lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko, kwamba bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kazi karibu na mwaka 2000 maji mengi yaligeuzwa njia, na kwamba mwaka 2009 chura alitangazwa kutoweka porini.

Usiishie hapo. Walikuwepo waliochukuliwa mapema wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani; bondeni kukafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na 2012 vyura wakaanza kurudishwa. Picha ya mabomba hayo haina uzuri wowote. Ipate hata hivyo, na itundike karibu na bango. Mwanafunzi wa Ifakara anasoma kwa umeme. Anastahili kuona gharama na fidia yake kwa pamoja, bila kuambiwa nani mbaya.

SWALI: Sisi walinzi wa wanyamapori wa kijiji tuna picha za tembo waliouawa. Tuziweke kwenye mabango ya shule? (Msomaji, Longido)

JIBU: Picha ya mzoga ni ushahidi kwanza. Msiiguse, msiikate, msiiongezee mwanga. Memori kadi yenye picha ya asili ikabidhiwe kwa wanaochunguza na ninyi mbaki na nakala. Pigeni eneo zima kwa mbali, kisha kwa kati, kisha jeraha likiwa na rula kando. Msizitangaze kabla ya uchunguzi kumalizika, maana alama ya tairi iliyo pembeni inaweza kuwa ndiyo kesi yote.

Shuleni hapana. Mtoto akitishwa hugeuza macho, na mtu mzima akiona mizoga mitano huamini mambo yameshakwisha. Kwa mkutano wa wazee weka moja tu, na iwe na binadamu ndani yake. Dunia nzima iliguswa na picha za Ami Vitale za Sudan, faru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume, aliyekufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018: mtunzaji wake amemshika kichwa, basi. Hakuna damu. Waliobaki ni majike wawili, Najin na Fatu.

Mkipiga picha ya mtu aliyekamatwa, uso wake usionekane kwenye bango lolote. Hajahukumiwa, ana watoto katika shule ile ile, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

SWALI: Naweza kutengeneza picha ya nguva kwa akili mnemba? Sijawahi kumwona na siwezi kumpata. (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Usifanye hivyo. Programu hizo humpa nguva uso wa sili, na mvuvi mzee aliyewahi kumnasa katika jarife atakucheka mbele ya watu. Akikucheka mara moja, picha zako za kweli nazo zimekwisha. Mpe mchoraji wa kijijini kazi hiyo na uandike wazi kuwa ni mchoro. Kando yake weka picha za majani ya bahari anayokula, ambazo unaweza kuzipiga mwenyewe maji yakikupwa, na za jarife lenyewe. Picha ya mtu mwingine uliyoikuta mtandaoni nayo ina mwenyewe. Muombe idhini kwa maandishi. Hakimiliki hulindwa hata kama picha haina jina.

SWALI: Lenzi yangu imeota kitu kama utando ndani. Naihifadhi kwenye mchele. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni kuvu, na mchele haumzuii, unaongeza vumbi la wanga tu. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, na ndani yake gramu 100 za silika jeli ile inayobadilika rangi. Ikishabadilika, ikaushe kwenye oveni au sufuria kavu kwa moto mdogo. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kufungua mlango na uiache humo dakika 30 hadi ipate joto la nje, la sivyo umande utaingia hadi kwenye vioo vya ndani. Lenzi yenye utando mpelekee fundi, na mpaka isafishwe isikae chombo kimoja na nyingine.